Programu tano za filamu kwenye simu moja: ipi ibaki?

Swali la msomaji wa Morogoro: "Nyumbani tupo watano: mimi, mume wangu, watoto wa miaka 9 na 13, na mama mkwe. Ijumaa usiku ndiyo siku yetu ya muvi. Tuna Netflix kwenye TV janja na king'amuzi cha Azam. Intaneti ni bando la simu yangu ninalorusha kwenda kwenye TV. Ili kurahisisha kuchagua nimepakua IMDb, Rotten Tomatoes, JustWatch, Letterboxd na nyingine moja ya kutelezesha kidole kulia na kushoto. Ndiyo kwanza nimechanganyikiwa: muvi ileile huku ina 5.8, kule ina asilimia 90. Tunapekua saa nzima mpaka watoto wanasinzia. Na mara ya mwisho tulipochagua, ilitokea sehemu mama mkwe akainuka akaenda kulala bila kuaga. Nibaki na programu ipi?"

Jibu:

Dada, baki na mbili: JustWatch na IMDb. Rotten Tomatoes na ile ya kutelezesha kidole ziondoe, ila soma kwanza mpaka mwisho maana kuna namna ya kuziondoa. Letterboxd ni programu nzuri sana, lakini kazi yake ni nyingine na nitaieleza.

Mbili zinatosha kwa sababu Ijumaa yako ina maswali matatu. Je, filamu hii ipo kwenye Netflix yangu, hapa Tanzania, leo? Je, ina jambo litakalotuaibisha mbele ya mkwe na watoto? Je, ni nzuri? JustWatch inajibu la kwanza. IMDb inajibu la pili na la tatu. Familia nyingi huanza na hilo la mwisho: wanasikia filamu inasifiwa, wanaipenda, wanatazama trela, halafu ndipo wanagundua haipo kwenye huduma wanayolipia. Wanaanza upya. Saa yenu inaliwa hapo.

Saa hiyo ni nyingi kuliko inavyoonekana. Mwaka 2015 Carlos Gomez-Uribe na Neil Hunt wa Netflix walichapisha maelezo ya jinsi mfumo wao wa mapendekezo unavyofanya kazi, na humo wakaandika kwamba mtazamaji wa kawaida huchoka kuchagua baada ya sekunde 60 hadi 90. Kufikia hapo amepitia majina 10 hadi 20, na labda matatu tu ndiyo aliyoyaangalia kwa makini. Huyo ni mtu mmoja, ameshika rimoti mwenyewe. Ninyi mko watano na rimoti ni moja. Kwa hiyo kazi ya kuchuja haifai kufanyika Ijumaa usiku mbele ya TV, hata ukiwa na programu bora kiasi gani. Ifanye mapema ukiwa na simu tu, na sebuleni pelekeni filamu tatu zilizokwisha kupimwa.

Kwanza hizo namba zilizokuchanganya

5.8 na asilimia 90 zinaweza zote kuwa sahihi kwa filamu ileile, kwa sababu zinapima vitu viwili tofauti.

Rotten Tomatoes, iliyoanza 1998, inahesabu wahakiki wangapi wameipenda filamu. Haihesabu wameipenda kiasi gani. Kila uhakiki hutiwa kwenye fungu la waliopenda au fungu la wasiopenda, kisha fungu la kwanza linageuzwa kuwa asilimia. Chukua wahakiki kumi. Tisa wanasema "si mbaya, inatazamika," kila mmoja anatoa 6 kati ya 10; wa kumi anatoa 4. Waliopenda ni tisa, kwa hiyo asilimia 90. Lakini ukitafuta wastani wa alama walizotoa unapata 5.8. Sasa chukua filamu ya pili: sita wanatoa 10 kamili, wanne wanatoa 5. Kwa hesabu ya Rotten Tomatoes hiyo ina asilimia 60, ambayo ndiyo mstari wa chini kabisa wa kuitwa nzuri. Wastani wake ni 8. Anayetazama asilimia peke yake atachukua ya kwanza, ambayo hakuna hata mmoja aliyeifurahia sana, na kuiacha ya pili ambayo watu sita waliipenda mno.

Asilimia ile si mbaya. Inajibu swali la mtu anayetaka kukata tiketi ya sinema na hataki kupoteza hela: kuna uwezekano gani kwamba sitachukia? Kwa familia inayotaka kufurahi Ijumaa, swali hilo ni dogo mno, ndiyo maana nasema iondoe. Kama unataka maoni ya wahakiki waliobobea, alama ya Metacritic, tovuti nyingine inayokusanya maoni yao, imepangwa vizuri zaidi kwa kazi hiyo: ni wastani kutoka 0 hadi 100, na kwa filamu, 61 kwenda juu huwekewa rangi ya kijani. Huna haja ya kupakua kitu kingine, kwani alama hiyo mara nyingi utaikuta kwenye ukurasa wa filamu ndani ya IMDb.

IMDb yenyewe ni wastani wa kura za watazamaji, kutoka 1 hadi 10. Ilianza 1990 kama orodha za mashabiki, Amazon wakainunua 1998, na leo ndiyo yenye kura nyingi. Mtego wake ni kura chache. Filamu yenye 8.8 kutoka kwa watu 300 inaweza kuwa imepigiwa kura na waigizaji, ndugu zao na mashabiki wa wiki ya kwanza. IMDb wanalijua hilo. Kwenye orodha yao ya filamu 250 bora hawaingizi filamu yenye kura chini ya 25,000, na hata zilizofika hapo alama zao huvutwa kuelekea wastani wa filamu zote. Wastani huo ukiwa 7, filamu yenye 9.0 kwa kura 25,000 huhesabiwa 8.0 tu, ikiwa na kura 475,000 inahesabiwa 8.9. Wingi wa kura ndio unaoipa alama nguvu.

Unaweza kufanya hivyohivyo nyumbani bila kalamu. Chini ya kura 1,000, chukulia kwamba kuna watu wengine 1,000 wasioonekana waliotoa 6. Ile 8.8 ya watu 300 inashuka hadi 6.6 hivi. Hiyo ndiyo alama ya kuamini kwa sasa. Filamu ikishavuka kura 10,000 unaweza kuisoma namba kama ilivyo.

Jambo jingine ni aina ya filamu. Za kutisha, za vichekesho na za watoto kwa kawaida hupata alama za chini kuliko za maisha, za historia na za kumbukumbu za kweli. Kichekesho cha familia chenye 6.4 kinaweza kuwapa usiku mzuri kuliko filamu ya vita yenye 7.9. Linganisha kichekesho na kichekesho. Na ukigusa ile alama, IMDb inakuonyesha kura zilivyogawanyika kutoka 1 hadi 10. Mlima mmoja katikati ya 6 na 8 maana yake watu wengi walikubaliana. Milima miwili, mmoja kwenye 10 na mwingine kwenye 1, maana yake kuna ugomvi: labda mashabiki wa mwigizaji wanashindana na wanaomchukia, au filamu ina jambo la siasa. Kwa sebule ya watu watano, chagua mlima mmoja.

Sehemu ya IMDb itakayomrudisha mama mkwe

Hii ndiyo sababu kubwa ya kubaki na IMDb, na wengi hawajui kwamba ipo. Fungua ukurasa wa filamu, shuka chini kupita muhtasari wa hadithi, utakuta sehemu iitwayo Parents Guide. Humo kuna mafungu matano: ngono na utupu, vurugu na damu, lugha chafu, pombe na dawa za kulevya na sigara, na mambo ya kutisha. Kila fungu lina kiwango kilichopigiwa kura na watazamaji: None ni hakuna, Mild ni kidogo, Moderate ni wastani, Severe ni kali. Chini ya kiwango kuna sentensi fupifupi zinazoeleza kinachoonekana hasa.

Usiishie kwenye kiwango. Soma sentensi. Wengi wa wanaopiga kura hizo wanaishi Marekani na Ulaya, na kwao busu refu kitandani linaweza kuandikwa Mild. Sebuleni kwako, na mkwe amekaa kwenye kochi, hilo si dogo hata kidogo. Sheria ya kufuata kwa nyumba kama yenu: fungu la kwanza liwe None, au liwe Mild ambayo umesoma sentensi zake zote na hakuna inayotaja kitanda, bafu wala kuvua nguo. Kwenye vurugu, Mild inavumilika kwa mtoto wa miaka 9, na Moderate isome kwa uangalifu: vurugu za katuni na vurugu za kisu huweza kupewa kiwango kimoja. Kwenye mambo ya kutisha, angalia kama kinachotisha ni mtoto kupotea au mzazi kufa. Hayo humkosesha mtoto usingizi kuliko zimwi.

Kuna hitilafu mbili za sehemu hii. Filamu mpya au isiyojulikana mara nyingi haijajazwa, na ukurasa mtupu hauthibitishi kwamba filamu ni safi. Maana yake hakuna aliyeandika. Pia angalia ni watu wangapi waliopiga kura ya kiwango. Wakiwa wanne au watano, hiyo ni minong'ono tu. Hapo nenda kwenye tovuti ya Common Sense Media ya Marekani, ambako wahakiki wao hutaja umri unaofaa na kueleza kwa nini. Wao pia wana macho ya kwao, lakini wanaandika kwa kirefu, na kwenye maelezo marefu utapata kile unachokitafuta.

Alama za umri zinazoonekana kwenye Netflix, mfano 13+, zitumie kama wavu wa kwanza tu. Filamu ya 13+ inaweza kuwa haina tone la damu lakini ikawa na mazungumzo ya chumbani kuanzia dakika ya kumi.

Kuipanga JustWatch isikudanganye

JustWatch ni ya Berlin na inafuatilia huduma za filamu katika nchi zaidi ya 100. Ukiipanga vibaya inakuwa kero, na wengi huiacha siku ya pili kwa sababu hiyo.

Anza na nchi. Fungua mipangilio uhakikishe imeandikwa Tanzania, kwa kuwa haki za filamu huuzwa nchi kwa nchi, na Netflix ya Marekani si Netflix ya Morogoro. Kama simu yako ina VPN iliyowashwa wakati wa kuifungua mara ya kwanza, huenda imejiandikisha nchi nyingine, na kila utakachokikuta humo kitakuwa uongo kwako. Kisha chagua huduma unazolipia, nazo kwako ni Netflix peke yake. Usiweke tiki kwenye kila kitu kwa matumaini. Ukiweka huduma usizolipia unarudi kulekule kupenda usichonacho.

Hatua inayosahaulika zaidi ni bei. Programu huchanganya filamu zilizomo kwenye malipo yako ya mwezi na zile za kukodi au kununua moja moja. Ichuje ibakize za malipo ya mwezi tu. Halafu ongeza kichujio cha alama ya IMDb kuanzia 6.3, chagua aina mbili au tatu za filamu, na miaka: kuanzia 2000 inatosha. Ukikaza zaidi, tuseme alama 7.5 na aina moja, utabaki na filamu chache ambazo nusu yake mmeshaziona.

Kila filamu inayovutia iweke kwenye orodha ya kutazama. Lengo ni kuwa na majina 20 hadi 30 humo. Zikizidi, orodha inakuwa kama rafu za duka la jumla na uchovu uleule unarudi. Ikifika 30, kila unapoingiza moja toa moja.

Kosa lake la kawaida ni kuchelewa. Mkataba wa filamu unaweza kuisha leo na JustWatch ikaendelea kuionyesha kwa muda kidogo. Kwa hiyo kabla ya kuitangaza filamu kwa watoto, itafute kwa jina ndani ya Netflix yenyewe uhakikishe inafunguka. Sekunde kumi. Mtoto aliyeahidiwa filamu ikakosekana hatasahaulishwa na filamu nyingine yoyote usiku huo.

Kipengele kisichochujwa na programu yoyote

Hukusema kama mama mkwe anasoma maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya kioo. Filamu nyingi za Netflix hazina sauti ya Kiswahili. Mtu asiyefuata Kiingereza, au mwenye macho yaliyochoka, anakaa na ninyi saa mbili akitazama picha tu. Pengine hata ile Ijumaa hakuondoka kwa sababu ya ile sehemu peke yake.

Kipimo ni hiki: chezesha trela ya filamu bila sauti. Baada ya dakika mbili jiulize kama umeelewa nani anataka nini na nini kinamzuia. Kama umeelewa, naye ataelewa. Filamu za michezo, wanyama, safari, watoto werevu na mapishi hupita kipimo hiki kwa urahisi. Za mahakamani, za ujasusi na vichekesho vya maneno hushindwa, hata zikiwa na 8.5.

Na Ijumaa moja kati ya nne ipelekeni kwenye filamu za Kiswahili. Hapo JustWatch haitakusaidia: usitegemee kukuta ratiba ya king'amuzi chako humo. Tumia ratiba ya chaneli ya Sinema Zetu kwenye Azam, na kwenye YouTube fungua orodha yako ya kutazama baadaye uweke za waandaaji mnaowapenda. Kwenye IMDb filamu zetu nyingi zina kura chache mno, kwa hiyo alama zake zipuuze kabisa, ziwe za juu au za chini. Ukitafuta filamu ya Kiswahili humo na isionekane, jaribu jina lake la Kiingereza. Vuta N'Kuvute ya 2021, kwa mfano, inajulikana pia kama Tug of War. Muvi zilizowekewa sauti ya msimulizi kwa Kiswahili, kama zile za vibanda umiza, zitafute kwa jina la asili la filamu.

Netflix yenu imeharibika ladha

Kama mnatumia wasifu (profile) mmoja wote watano, mapendekezo mnayoyaona ni uji uliochanganywa na mchuzi. Mashine inaona mtu mmoja anayependa katuni saa kumi jioni na filamu za mauaji saa sita usiku, na inakisia katikati. Katika maelezo yale ya 2015, asilimia 80 hivi ya saa zinazotazamwa kwenye Netflix zilitokana na mapendekezo, kwa hiyo wasifu uliochafuka unawagharimu kila siku.

Akaunti moja inaruhusu wasifu tano. Fanya hivi: mmoja wako, mmoja wa baba, mmoja kwa kila mtoto, na wa tano uuite Sebuleni. Huo wa Sebuleni uwekee kikomo cha umri cha 13+, uutumie Ijumaa tu, na mama mkwe autumie siku nyingine akitaka. Kwenye wasifu wa zamani fungua historia ya mlichotazama na ufiche vile ambavyo havikuwa vyako. Ndani ya saa 24 vitaacha kuathiri mapendekezo. Kila filamu ikiisha bonyeza kidole gumba: chini, juu, au viwili juu kwa mliyoipenda sana. Netflix waliacha nyota tano mwaka 2017 wakaleta vidole hivi, na vidole viwili vikaongezwa 2022. Mkibonyeza kwa uaminifu kwa filamu kumi hivi, ukurasa wa Sebuleni utaanza kufanana nanyi.

Ukiwa humohumo kwenye mipangilio ya wasifu, zima vipande vya filamu vinavyojichezesha vyenyewe unapopekua. Vinakula bando, na vinawafanya watoto wapige kelele "hiyo hiyo!" kwa kila kitu chenye mlipuko. Pia punguza ubora wa picha. Kiwango cha juu, kwa picha ya HD, hutumia hadi GB 3 kwa saa, cha kati 0.7, cha chini 0.3. Filamu ya saa moja na dakika 45 kwa kiwango cha kati ni GB 1.2 hivi, kwa kiwango cha juu inaweza kufika GB 5. Mpangilio huu unapatikana ukiingia kwenye akaunti kupitia kivinjari cha simu, si kwa rimoti.

Kwa nini ile ya kutelezesha kidole iondoke

Wazo lake linapendeza: kila mtu anapewa karata zilezile za filamu, anatelezesha kulia anayoitaka, na mkikutana programu inawapongeza. Kwa watu wawili inafanya kazi. Kila mmoja akipenda karata 3 kati ya 10, mtakutana kwenye karata 9 kati ya 100, yaani kwa karata 40 mtapata tatu au nne. Mkiwa watano kwa kiwango hichohicho, mtakutana mara moja kwa karata 400 hivi. Ladha za nyumba moja hufanana kidogo, kwa hiyo hali halisi si mbaya hivyo, lakini ugonjwa ni uleule. Tena mtu huchagua kwa picha ya kava na kwa jina analolijua, kwa hiyo mnakutana kwenye mliyokwisha kuiona. Na programu za namna hii mara nyingi hazijui Netflix ya Tanzania ina nini.

Badala yake tumieni zamu. Alhamisi jioni chukua dakika 15: toa filamu sita kwenye orodha yako ya JustWatch, zipitishe kwenye Parents Guide, zipitishe kwenye trela bila sauti, ubakize tatu, uhakikishe zinafunguka kwenye Netflix. Ijumaa mmoja wenu anachagua kati ya hizo tatu, na wiki ijayo ni mwingine. Watu watano, Ijumaa tano. Hata mtoto wa miaka 9 akichagua, hawezi kukosea, maana kazi ya kupima imeshafanyika. Wekeni pia makubaliano ya dakika 20: zikifika na watatu wamechoka, mnahamia ya pili bila mjadala. Ya pili ipo tayari, hakuna anayeanza kupekua.

Letterboxd, na wasaidizi wa akili bandia

Letterboxd, iliyoanzishwa New Zealand mwaka 2011, ni daftari la mpenzi wa filamu. Unaandika ulichotazama, unatoa nusu nyota hadi nyota tano, unafuata watu ambao ladha yao unaiamini. Thamani yake inakuja baada ya kuingiza filamu kama 50 na kupata watu watano au sita wanaokubaliana nawe. Hapo wao wanakuwa programu yako. Imejengwa kwa filamu, kwa hiyo kama unafuatilia tamthilia haitakutosha. Kama mume wako ndiye mwenye hamu ya namna hiyo, mwachie yeye. Daftari lake linaweza kupakuliwa lote kama faili, jambo ambalo ningelidai kwa programu yoyote kabla ya kuipa miaka ya kumbukumbu.

Wasaidizi wa akili bandia wanafaa pale vichujio vinaposhindwa, kwa sababu unaweza kueleza kwa maneno. Wape filamu tatu mlizopenda wote, moja mliyoichukia na sababu yake, umri wa watoto, urefu usiozidi dakika 110, na uombe kumi pamoja na mwaka na jina la mwongozaji. Usiwaulize kama ipo Netflix. Hapo wanakosea sana. Wakati mwingine hutaja filamu ambayo haipo duniani, au huchanganya mbili zenye jina moja. Kila jina lipite IMDb kwa mwaka na mwongozaji, kisha JustWatch, ndipo liingie kwenye orodha.

Kabla hujaziondoa

Ukibonyeza na kuondoa programu kwenye simu, akaunti yako inabaki kwao na malipo, kama yapo, yanaendelea. Kwa ile ya kutelezesha kidole anza hivi: fungua Play Store, gusa picha yako, ingia kwenye malipo na usajili, uangalie kama kuna jaribio la bure linalosubiri kugeuka kuwa malipo. Lighairi. Kisha ndani ya programu yenyewe tafuta sehemu ya kufuta akaunti, uifute, ndipo uondoe programu. Kwenye Rotten Tomatoes, kama hukujisajili, ondoa tu.

Kwa zile mbili zinazobaki, ingia Mipangilio, Programu, Ruhusa. Kuchagua filamu hakuhitaji anwani za watu wako, maikrofoni wala kamera. Kilichoruhusiwa kati ya hivyo kizime, na arifa zake zizime pia, isipokuwa moja ya JustWatch: ile inayokuambia kwamba filamu iliyo kwenye orodha yako imeingia Netflix.